Mtoto wa Mloka na Shule ya Mbali: Elimu Maalum katika Historia ya Bonde la Rufiji

Historia ya elimu maalum nchini Tanzania imezoeleka kusimuliwa kwa kufuata shule na miaka zilipofunguliwa, na kwa hiyo husimuliwa kutoka mahali ambapo shule hizo zilikuwapo. Ikisimuliwa kutoka mahali ambapo hazikuwapo, historia hiyohiyo hubadilika sura, kwa kuwa jambo linalojitokeza mbele ya mengine yote ni umbali: umbali wa barabara na mto, umbali wa imani, na umbali kati ya sheria iliyoandikwa na dawati ambalo mtoto angelikalia. Mloka ni mahali pa namna hiyo. Ni kijiji cha kata ya Mwaseni wilayani Rufiji, kwenye ukingo wa kaskazini wa Mto Rufiji, jirani na lango la Mtemere la hifadhi iliyojulikana kwa miongo mingi kama Pori la Akiba la Selous, na ambayo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Elimu maalum inayozungumziwa hapa ni mafunzo na huduma anazopewa mtoto ambaye, kwa sababu ya kutoona, uziwi, ulemavu wa viungo, ulemavu wa akili au hali nyingine ya mwili na ubongo, hawezi kunufaika na darasa la kawaida mpaka aongezewe kitu, kama vile mwalimu aliyesomea kazi hiyo, kifaa, lugha nyingine au muda.

Kabla ya shule za serikali, watoto wa bonde hili walifundishwa na taasisi mbili kubwa, yaani chuo cha Kurani pamoja na jando na unyago. Chuo, kama watu wa pwani walivyokiita kabla neno madrasa halijaenea, kilitegemea sikio na ulimi zaidi ya jicho, kwa maana mwalimu hutamka, wanafunzi huitikia, na aya hurudiwa hadi ikae kifuani. Mtoto asiyeona aliweza kuketi kwenye jamvi moja na wenzake na kuhifadhi sura baada ya sura bila kuhitaji kifaa chochote, na dini yenyewe ilimpa hadhi, kwa kuwa Surat Abasa, ambayo ni sura ya 80 ya Kurani, inafunguliwa kwa kumkumbusha Mtume juu ya kipofu aliyemwendea akitafuta elimu. Naye Abdullah bin Umm Maktum, ambaye wafasiri humtaja kuwa ndiye kipofu huyo, alikuwa miongoni mwa waadhini wa Madina. Hata hivyo chuo kilekile kilichompokea asiyeona kilimwacha kiziwi mlangoni, kwa sababu elimu yote ilipita kwenye sauti, na yeye nyumbani kwao alikuwa na ishara chache tu alizozizua pamoja na mama na ndugu zake. Jambo hili lafaa kukumbukwa katika kila hatua ya historia hii, kwa kuwa linaonyesha kwamba namna ya kufundisha ndiyo inayoamua, kwa sehemu kubwa, ni mtoto yupi ataonekana ameshindwa na yupi ataonekana amefuzu.

Lugha nayo imehifadhi ushahidi wake. Majina ya zamani ya watu wenye ulemavu katika Kiswahili, yaani kipofu, kiziwi, kiwete, kibiongo na kilema, yote huanza na kiambishi ki-, ambacho ni kiambishi cha vitu na cha udogo, lakini upatanisho wake katika sentensi hufuata watu, kwa maana Mswahili husema "kipofu huyu amefika" wala hasemi "kipofu hiki kimefika". Jina lilimweka mtu huyo karibu na vitu, kitenzi kikamrudisha kwa watu. Mvutano huo ulidumu hadi karne ya 20 ilipokuwa inamalizika, ambapo vyama vya watu wenye ulemavu vilidai majina mapya, na maandishi rasmi yakahama hatua kwa hatua kutoka kilema kwenda mlemavu, kisha mtu mwenye ulemavu. Kipofu akawa asiyeona, na zeruzeru akawa mtu mwenye ualbino. Wapo wanaoona mabadiliko hayo kuwa ni ya maneno matupu, lakini maoni hayo hayana uzito, kwa sababu mwalimu anayeandika "taahira" kwenye daftari la shule amekwisha kuhukumu kabla hajafundisha. Methali ya wazee, hujafa hujaumbika, ilikuwa imelisema jambo hilo mapema, kwamba hakuna mwenye hakika ya kubaki na viungo vyake hadi mwisho.

Katika bonde la Rufiji methali hiyo haikuwa ya kupamba mazungumzo. Malaria kali, ambayo katika nchi hii ya maji yaliyotuama iliwapata watoto wengi kabla hawajafikia umri wa shule, ikipanda kichwani huweza kumwachia aliyepona kifafa, uziwi, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au ugumu wa kujifunza. Watu wa pwani waliuita mtukutiko unaoambatana na homa hiyo degedege, wakauhusisha na ndege au shetani apitaye juu ya mtoto, kwa hiyo mara nyingi mgonjwa alipelekwa kwanza kwa mganga na hospitali ikafuata baadaye. Kwinini, dawa iliyookoa maisha ya wengi, nayo ikizidi huathiri masikio. Surua, hasa kwa mtoto aliyepungukiwa na vitamini A, ilipofusha macho, na polio ililemaza miguu hadi mpango wa taifa wa chanjo, ulioanza 1975, ulipofika vijijini. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini alionekana 1996. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ulemavu wa watoto wa bondeni ilitokana na maradhi yanayozuilika, na shule maalum na zahanati ni sura mbili za historia moja, ingawa wizara mbili tofauti zimeziandika katika vitabu viwili.

Shule ya mtindo wa Ulaya ililifikia bonde hili kwa kusuasua. Wajerumani walifungua shule yao ya kwanza ya serikali Tanga mwaka 1892, na shule za aina hiyo zilikusudiwa kutoa makarani, wakalimani na maakida, kwa hiyo hazikuwa na nafasi kwa mtoto ambaye hangeweza kuifanya kazi ya ukarani. Rufiji iliwajua Wajerumani zaidi kwa boma lao la Mohoro, ambako Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Agosti 1905 katika siku za mwanzo za Vita vya Maji Maji, kuliko kwa darasa. Chini ya Waingereza, sehemu kubwa ya elimu ya Tanganyika iliachiwa misheni zilizopewa ruzuku, na hapo ndipo ramani ya baadaye ilipochorwa. Misheni ziliota mizizi Usambara, Kilimanjaro, Ugogo, Unyamwezi, Masasi na kwingineko, ilhali Rufiji, nchi ya Waislamu ambayo wazazi wake walikuwa na sababu ya kuhofia kwamba shule ya padri ingembadilisha mtoto dini, haikupata kituo kikubwa cha misheni. Hofu hiyo haikuwa ujinga, kama maofisa wa kikoloni walivyopenda kuiita, kwa kuwa shule hizo kweli zilifundisha dini yake mwenye shule, na mzazi aliyemzuia mwanawe alikuwa anailinda nyumba yake. Lakini gharama ya hali hiyo ililipwa na watoto ambao hawakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Shule ya kwanza ya wasioona Tanganyika ilifunguliwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950 huko Buigiri, mashariki ya mji wa Dodoma. Mwaka huohuo mjini London iliundwa jumuiya ya kuwahudumia wasioona wa dola ya Uingereza, chini ya John Wilson, ambaye mwenyewe hakuwa anaona, na jumuiya hiyo baadaye ikawa mfadhili mkubwa wa elimu ya wasioona Afrika Mashariki. Baada ya uhuru zikafuata shule za Irente, Lushoto, iliyofunguliwa na Walutheri mwaka 1963 kwa ajili ya wasioona, na Tabora, ambako Kanisa Katoliki lilifungua shule ya viziwi mwaka huohuo. Mwaka 1967 Jeshi la Wokovu likafungua Matumaini, Kurasini, Dar es Salaam, kwa watoto wenye ulemavu wa viungo. Wenye shule hizo walifanya kazi ambayo hakuna aliyekuwa anaifanya, na heshima hiyo ni yao. Lakini shule zote zilikuwa za bweni, na zilijengwa pale mjenzi alipokuwa tayari na kanisa, wala hazikupangwa kwa kuhesabu watoto waliozihitaji na mahali walipokuwa. Kwa mzazi wa Rufiji ya juu, kumpeleka mtoto Buigiri kulimaanisha safari ya siku kadhaa, kwa miguu au lori hadi Dar es Salaam kisha kwa gari moshi la Reli ya Kati, na mwisho wa safari kumkabidhi mtoto asiyeona kwa watu wa lugha nyingine na dini nyingine, ili amwone tena wakati wa likizo kama nauli ingepatikana.

Kilichokuwa kikimngoja mtoto huko kilikuwa na thamani kubwa, na yafaa kielezwe, kwa sababu ndicho kitu ambacho vijiji vya bondeni vilikikosa. Maandishi ya wasioona, yanayoitwa nukta nundu, yalibuniwa na Mfaransa Louis Braille na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1829. Hutumia nukta sita zilizopangwa katika safu mbili za nukta tatutatu, na kila herufi ina mpangilio wake wa nukta zilizotuna juu ya karatasi nene, zinazosomwa kwa ncha za vidole. Kiswahili kilifaa sana kwa mfumo huo, kwa kuwa tahajia yake iliyosanifiwa tangu miaka ya 1930 huandika maneno jinsi yanavyotamkwa, na mtoto akishazijua herufi anaweza kusoma neno lolote. Mashine iliyoenea shuleni, ambayo Shule ya Perkins ya Marekani ilianza kuitoa mwaka 1951, ni chombo kizito cha chuma chenye vitufe sita, kitufe kwa kila nukta, na kitufe kirefu cha nafasi katikati. Mwandishi hubonyeza kitufe kimoja au zaidi kwa mpigo mmoja, nayo herufi hujitokeza nzima, kisha kengele hulia mstari unapokaribia kwisha. Karatasi yake ni nene kama ya manila, na kitabu kimoja cha kiada kikigeuzwa kuwa nukta nundu hujaza majuzuu kadhaa makubwa. Shule moja yenye mashine kumi, karatasi za mwaka mzima na fundi wa karibu ni jambo linalowezekana. Shule mia zenye mtoto mmojammoja asiyeona ni jambo jingine kabisa, na hesabu hiyo ndiyo iliyolifanya bweni lionekane kuwa njia pekee kwa muda mrefu.

Kwa viziwi hesabu ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa walichokihitaji hakikuwa mashine ila lugha. Elimu ya viziwi iliyoletwa kutoka Ulaya ilikuwa bado imebeba uamuzi wa mkutano wa Milan wa mwaka 1880, uliotukuza kusema kwa kinywa na kusoma midomo na kuziweka ishara kando, na watoto wengi walitumia miaka yao ya shule wakijifunza kutamka maneno wasiyoyasikia. Lakini mabwenini na viwanjani, nje ya macho ya walimu, watoto walikuwa wakiziunganisha ishara walizotoka nazo makwao, na kutoka humo, na kutoka mikutano ya watu wazima viziwi mijini, ikakua Lugha ya Alama ya Tanzania. Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA), kilichoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kiliipigania lugha hiyo, na wanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam baadaye wakaiandalia kamusi. Lugha haizaliwi na mtu mmoja. Kiziwi pekee katika kijiji cha kando ya mto, hata akipendwa na wote, hana wa kusemezana naye kwa lugha kamili, na kwa ajili yake bweni, pamoja na machungu yake yote, lilikuwa pia mlango wa kuingilia jamii ya watu wanaomwelewa. Wanaoyalaumu mabweni kwa jumla husahau jambo hili.

Uhuru uliibadilisha Rufiji kwa njia ambayo haikutarajiwa. Watu wa bonde walikuwa wakiishi wametawanyika kwenye miinuko ndani ya uwanda wa mafuriko, karibu na mashamba ya mpunga na ya mlau, yaani mazao yanayopandwa kwenye udongo wenye unyevu maji yanapoondoka. Mafuriko ya mwaka 1968 yalifuatwa na Operesheni Rufiji, mojawapo ya operesheni za mwanzo kabisa za kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, na wakazi wakapelekwa kwenye ardhi ya juu. Vijiji vya ukingo wa kaskazini, Mloka ikiwa miongoni mwao, vilipata sura yake katika miaka hiyo ya uhamaji. Serikali iliahidi kwamba kukaa pamoja kutaleta kisima, zahanati na shule, na Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaamua kwamba kila mtoto wa umri wa shule awe ameandikishwa ifikapo 1977, kisha Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 ikaufanya uandikishaji kuwa wa lazima kwa watoto wa miaka 7 hadi 13.

Neno "kila mtoto" lilikuwa zito kuliko uwezo wa walioliandika. Katika vijiji visivyokuwa na vyeti vya kuzaliwa, umri ulipimwa kwa kumwambia mtoto apitishe mkono juu ya utosi na kushika sikio la upande wa pili: aliyelifikia aliandikwa, asiyelifikia alirudishwa nyumbani angoje mwaka mwingine. Kipimo hicho kilikuwa rahisi na cha haki kwa wengi, lakini mtoto mwenye mkono uliopooza hakuweza kukifaulu mwaka wowote, mtoto kiziwi hakusikia alichoambiwa afanye, na mtoto aliyefungiwa ndani hakuletwa kabisa. Tena familia za Rufiji, hata baada ya kuhamishwa, ziliendelea kurudi bondeni msimu wa kilimo na kuishi katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu na kupandwa kwa ngazi, ambamo watu hulala juu ya maji na juu ya wanyama huku wakiulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Dungu ni ujenzi wa akili kubwa uliotokana na ujuzi wa mto; ni vilevile nyumba ambayo mtoto asiyeweza kupanda ngazi hawezi kuishi humo kwa usalama, kwa hiyo wazazi wake walikuwa na mawili tu, kumbeba au kumwacha kijijini kwa bibi. Njia ya shule katika nchi ya tembo, mamba na simba ilikuwa na hatari zake, na kati ya 2002 na 2004 simba waliua watu kadhaa katika vijiji vya Rufiji. Mzazi aliyekataa kumwachia mtoto asiyeona kuipita njia hiyo peke yake hakustahili kuitwa mzazi anayemficha mtoto.

Taifa lilianza kuuona upungufu huo kwa macho ya kisheria katika Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu, 1981, na mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria mbili, moja ya ajira na nyingine ya matunzo, ambazo bado zilimtazama mtu mwenye ulemavu kama wa kuhudumiwa. Katika miongo hiyo mtindo mwingine ulikuwa umeanza kushika, wa kuweka darasa la elimu maalum ndani ya shule ya kawaida, darasa linaloitwa kitengo. Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam, iliyowapokea wasioona pamoja na wanaoona na baadaye ikafungua madarasa ya watoto wenye ulemavu wa akili na wa viziwi wasioona, ikawa mfano uliotajwa na wengi, na mwaka 1974 shule ya viziwi ilifunguliwa Buguruni. Walimu walipata mafunzo Tabora na baadaye Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, ambacho jina lake limekuwa kama jina la fani yenyewe, hata mwalimu wa elimu maalum akitajwa husemwa tu kwamba amepitia Patandi. Kitengo kilipunguza gharama na kilimweka mtoto karibu zaidi na kwao, ila vitengo vilifunguliwa palipokuwa na mwalimu aliyesomea, na mwalimu aliyesomea alipangwa, au aliomba kupangwa, mjini au kando ya barabara kuu. Mloka haikuwa kando ya barabara kuu.

Hapa inapasa kueleza jinsi huduma zinavyogawanywa. Shule ya msingi nchini Tanzania iko chini ya halmashauri ya wilaya, ambayo ilirejeshwa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 1982 baada ya muongo mmoja wa kufutwa. Ndani ya idara ya elimu huwapo afisa wa elimu maalum anayetakiwa kujua watoto wenye mahitaji hayo wako wapi, kushughulikia upimaji wao, kupendekeza shule inayowafaa na kusimamia vifaa, akishirikiana na afisa ustawi wa jamii na hospitali ya wilaya. Upimaji ndio ufunguo wa yote, kwa kuwa mtoto asiyepimwa masikio huitwa mzito wa kuelewa, na mwenye uoni hafifu, ambaye miwani au kiti cha mbele vingemtosha, huhesabiwa kuwa asiyeona. Makao ya wilaya ya Rufiji ni Utete, ukingo wa kusini wa mto, ilhali Mloka iko kaskazini. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 karibu na Ikwiriri mahali palipokuwa na pantoni ya Ndundu, liliiunganisha kusini na Dar es Salaam, lakini liko mbali upande wa mashariki, na kwa mama wa Mloka aliyetakiwa kumpeleka mtoto makao ya wilaya, mto ulibaki mto, wa kuvukwa kwa chombo. Katikati ya miaka ya 2010 wilaya ilipogawanywa na Kibiti pamoja na delta zikawa halmashauri ya peke yake, eneo la kila afisa lilipungua, lakini kijiji hakikusogea hata hatua moja.

Fikra mpya zilitoka nje na ndani kwa pamoja. Mkutano wa Salamanca, Hispania, mwaka 1994, uliohudhuriwa na serikali 92, ulitangaza kwamba shule ya kawaida ndiyo inayopaswa kumpokea kila mtoto na kujirekebisha ili imfae. Hiyo ndiyo elimu jumuishi, ambayo hutofautiana na mpango wa kitengo kwa kuwa mtoto husoma darasa lilelile na wenzake, na msaada humfuata humo. Ada za shule za msingi zilifutwa mwaka 2001, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza 2002, na idadi ya wanafunzi nchini ikapanda kutoka takribani milioni 4.8 mwaka 2001 hadi zaidi ya milioni 7 katikati ya muongo huo. Sera ya taifa kuhusu watu wenye ulemavu ilitolewa 2004, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao ukaridhiwa 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 ikaweka wazi kwamba mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalum. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 uliondoa ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Hayo yalipatikana ndani ya miaka 15, na hayakuwa madogo.

Wakati huohuo bweni lilipata kazi nyingine ambayo hakuna mwanzilishi aliyeiwazia. Mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyoenea hasa Kanda ya Ziwa kuanzia takriban mwaka 2006, yaliifanya serikali iwakusanye watoto katika shule kama Buhangija, Shinyanga, na Mitindo, Misungwi, ambako walilala ndani ya uzio na kukaa miaka bila kurudi makwao. Kusini mwa Rufiji, Lindi Mjini, wapiga kura walimchagua Salum Barwany kuwa mbunge mwaka 2010, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuingia bungeni kwa kura za jimbo. Kwamba mambo hayo mawili yalitukia katika nchi moja na miaka ileile kwaonyesha jinsi mahali alipozaliwa mtoto palivyoamua maisha yake.

Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Kwa kiwango hicho hakuna shule ya kijiji isiyohusika, na hoja kwamba "kwetu hawapo" haiwezi kusimama. Sheria imekwisha kuamua kwamba mtoto asome karibu na kwao, lakini mwalimu wa Patandi, mashine ya nukta nundu, kipimo cha masikio na mtaalamu wa lugha ya alama vingali vinasubiri mtoto avifuate, kama ilivyokuwa mwaka 1950. Njia iliyojaribiwa katika baadhi ya wilaya nchini, ya mwalimu mmoja mwenye ujuzi kuzunguka shule kwa shule kwa pikipiki akiwafundisha watoto wasioona na kuwaelekeza walimu wao, ndiyo inayoikaribia zaidi hali ya bonde hili, kwa kuwa inamfanya mwenye kusafiri awe mtumishi anayelipwa, badala ya mtoto. Vituo vya upimaji vinaweza kuhamia kijijini kwa wiki moja baada ya mavuno, wakati familia zimetoka mashambani, kama kliniki za chanjo zinavyofanya siku zote. Gharama yake ni ndogo kuliko ya bweni, na kikwazo chake kikubwa ni mazoea.

Liko jambo jingine lisiloweza kungoja. Kila shule ya msingi ina daftari la uandikishaji, kitabu kikubwa chenye safu za namba, jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi, kijiji na, mwishoni, safu ya maelezo, ambamo mwalimu mkuu huandika kwamba mtoto amehama, amefariki, ameacha au amepelekwa shule nyingine. Safu hiyo ya mwisho, ikisomwa kwa utulivu kuanzia miaka ya Azimio la Musoma, ndiyo kumbukumbu ya karibu zaidi ya watoto ambao makala haya yamewazungumzia bila kuwataja. Karatasi za madaftari hayo zinaliwa na mchwa na unyevu, na mafuriko ya Aprili 2024, yaliyofunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, yalionyesha jinsi maji yanavyoweza kuyamaliza kwa usiku mmoja. Walimu wakuu wa Mloka, Mwaseni na vijiji jirani wanaombwa kuyapandisha juu ya makabati, na Halmashauri ya Wilaya ya Rufiji kuyapiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuziweka nakala Utete, mahali pakavu, kabla ya masika ijayo.